Deni la West Point: Habari za Timu Iliyoshindwa Mwaka 1951

Katika historia tumezoea kusoma habari za washindi. Twasoma habari za wafalme walioteka miji na majemadari waliovuka mito. Na hata katika michezo twakumbuka jina la yule aliyechukua kikombe, wala hatuulizi habari za yule aliyerudi nyumbani mikono mitupu. Leo tumependa kuwaletea habari za walioshindwa. Nao si watu wa kwetu, bali ni vijana wa Marekani, wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point, ambao katika mwaka 1951 walicheza michezo 9 ya mpira, wakashinda 2 tu na kushindwa 7. Twaona ya kuwa katika kushindwa kwao mna fundisho kwa kila mtu aliyepata kukaa mbele ya karatasi ya mtihani, na zaidi kwa kila mtu aliyepata kuutunga mtihani wenyewe.

Yafaa tuseme mapema kwa nini jambo hili limetugusa. Mwaka mmoja, katika shule tuliyokuwa tukifundisha, darasa letu liligawanywa mikondo miwili kwa wingi wa watoto. Mkondo wa kwanza ulifanya jaribio la hesabu asubuhi, na wa pili ukalifanya baada ya chakula cha mchana. Nasi, kwa uvivu wa kutunga maswali mengine, tuliwapa wote maswali yale yale. Tuliposahihisha tuliona watoto wa mchana wamewapita wa asubuhi kwa mbali, tukawasifu mbele ya shule nzima. Siku ya tatu yake, jioni, kijana mmoja alikuja nyumbani kwetu akasimama nje ya mlango kitambo kirefu bila kubisha hodi. Tulipomwita aingie akasema, "Mwalimu, zile sifa si zetu." Maswali yalikuwa yamepitishwa chini ya mwembe wakati watoto walipokuwa wakila. Tutarudi kwa kijana huyo baadaye. Kwanza na tuende West Point, maana yaliyotokea huko ni hayo hayo, ila ni makubwa zaidi.

Chuo cha West Point kilianzishwa mwaka 1802, juu ya majabali yaliyo kando ya mto Hudson, kaskazini ya mji wa New York. Kazi yake ni kuwafundisha vijana watakaokuwa maafisa wa jeshi la nchi kavu la Marekani, nao vijana hao huitwa kadeti. Kadeti husoma hesabu, uhandisi, historia na mambo ya vita kwa muda wa miaka minne. Huamka mapema, hutembea kwa mistari, hula kwa saa, na kila dakika ya siku yao ina kazi yake. Lakini chuo hicho kilijivunia jambo moja kuliko majengo yake yote na kuliko majemadari wake wote, nalo ni sharti la heshima. Kadeti hasemi uongo, wala hadanganyi katika kazi yake, wala haibi. Tena ajuaye kosa la mwenzake na kulinyamazia, huyo naye amehesabiwa kuwa amelivunja sharti lile. Si sharti la walimu peke yao. Kadeti wenyewe ndio walinzi wake.

Mtu aweza kuuliza kwa nini askari wahimizwe hivyo. Sababu yake ni nyepesi kufahamu. Afisa akiwa vitani hutuma habari kwa mkubwa wake kwamba daraja ni zima, au kwamba adui hayupo kilimani. Habari ile ikiwa ya uongo, watu hufa. Kwa hiyo wazee wa chuo walisema kwamba mtu asiyeweza kuaminiwa katika karatasi ya hesabu hawezi kukabidhiwa roho za watu.

Sasa na tuseme habari za mpira wao, maana si mpira tunaoucheza sisi. Mpira wa Wamarekani ni mrefu mfano wa yai, nao hubebwa mikononi na kurushwa, na mara chache hupigwa teke. Kila upande una watu 11. Timu iliyo na mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10, na isipoweza, mpira huenda kwa wenzao. Mchezaji akiuvusha mpira mstari wa mwisho wa adui, timu yake hupata alama 6. Kisha hupewa teke moja la kuupitisha mpira kati ya miti miwili, na teke hilo likifaulu huongeza alama 1. Msomaji na aikumbuke alama hiyo moja, maana tutaihitaji mbele.

West Point walianza kupambana na wenzao wa chuo cha jeshi la majini, kilichoko Annapolis, mwaka 1890, nao wakashindwa mchezo ule wa kwanza kwa alama 24 kwa 0. Aliyeupanga mchezo kwa upande wa West Point alikuwa kadeti Dennis Michie, ambaye aliuawa vitani huko Cuba mwaka 1898, na kiwanja cha chuo kikapewa jina lake. Tangu hapo mchezo wa majeshi mawili umekuwa kama sikukuu ya taifa. Timu yaweza kushinda mwaka mzima, lakini ikishindwa na Annapolis hurudi nyumbani kama watu waliotoka mazikoni.

Katika mwaka 1941 West Point walimleta mwalimu wa mpira aitwaye Earl Blaik, ambaye watu walimwita Red, yaani Mwekundu, kwa ajili ya nywele zake. Yeye mwenyewe alikuwa amehitimu chuoni hapo mwaka 1920. Alikuwa mtu mkimya, mkali, asiyependa mzaha kazini. Mwaka mmoja kabla ya kuja kwake timu ilikuwa imeshinda mchezo mmoja tu. Yeye akaijenga upya, hata katika miaka ya 1944, 1945 na 1946 haikushindwa hata mara moja. Wakimbiaji wake wawili, Felix Blanchard na Glenn Davis, walijulikana nchi nzima, na kila mmoja wao akapata ile nishani ya Heisman, apewayo mchezaji bora wa vyuo vyote: Blanchard mwaka 1945, na Davis mwaka 1946. Mwaka 1949 timu ilishinda michezo yake yote 9. Hata ilipofika mwisho wa mwaka 1950, West Point walikuwa wamecheza michezo 28 mfululizo bila kushindwa.

Lakini methali yasema, kikulacho ki nguoni mwako. Tarehe 2 Desemba 1950 walikutana na Annapolis, ambao mwaka ule walikuwa wamekwisha kushindwa mara 6, na watu wote walidhani mchezo utakuwa mwepesi. West Point wakashindwa kwa alama 14 kwa 2. Tena siku zile zilikuwa za huzuni kwa sababu nyingine. Vita vya Korea vilikuwa vimeanza mwezi wa Juni, na maafisa vijana waliotoka chuoni walikuwa wakipelekwa huko moja kwa moja. John Trent, aliyekuwa nahodha wa timu ya mwaka 1949 na kuhitimu mwaka 1950, aliuawa Korea mwezi wa Novemba, miezi michache tu baada ya kuvua nguo za ukadeti. Basi msomaji na afahamu: vijana hawa hawakuwa wakicheza ili wapate mali. Mwisho wa mchezo wao ulikuwa vita.

Sasa tumefika mahali pa aibu. Kadeti wa West Point siku zile walikuwa wamegawanywa vikosi viwili vikubwa. Kikosi kimoja kilifanya jaribio la somo fulani leo, na kikosi cha pili kikalifanya jaribio lile lile siku ya pili yake. Walimu hawakuona haja ya kutunga maswali mengine, kwa kuwa neno la kadeti lilitosha. Lakini wachezaji wa mpira walikuwa na taabu yao. Walifanya mazoezi kwa nguvu nyingi, na jioni walirudi vyumbani wamechoka, nao walitakiwa kujua hesabu ngumu sawasawa na wenzao. Rafiki zao wakaanza kuwasaidia kusoma, na hilo ni jema. Kisha msaada ukageuka. Aliyefanya jaribio leo akamwambia rafiki yake wa kikosi cha pili ni maswali gani yaliyotoka. Rafiki huyo naye juma lililofuata akalipa fadhili kwa njia hiyo hiyo. Jambo likaenea kutoka meza hadi meza na kutoka chumba hadi chumba, likawapata na wasiocheza mpira. Hapana aliyelipa fedha, hapana aliyevunja kabati la mwalimu. Kosa liliingia kwa mlango wa urafiki, nalo liliitwa kwa jina la wema.

Mwezi wa Aprili 1951 habari zikawafikia wakubwa wa chuo. Uchunguzi ukafanywa kwa siri, kadeti wakaitwa mmoja mmoja mbele ya maafisa na kuulizwa. Wengi walikiri. Wengine walikiri kwamba walipokea maswali, wengine kwamba waliyatoa, na wengine kosa lao lilikuwa kwamba walijua wakanyamaza. Jeshi likaona jambo ni zito, likamwomba mzee Learned Hand, aliyekuwa hakimu mwenye sifa kubwa nchini, pamoja na majemadari wawili, waupime ushahidi. Nao wakashauri kwamba sharti lisilegezwe. Tarehe 3 Agosti 1951 jeshi likatangaza kwamba kadeti wapatao 90 wataondolewa chuoni. Majina yao hayakutangazwa, nasi hatutayatafuta. Lakini magazeti yalipata kujua upesi kwamba zaidi ya 30 kati yao walikuwa wachezaji wa mpira, yaani karibu timu yote iliyotarajiwa kucheza mwaka ule.

Habari hizo zilitikisa nchi. Watu wengine walisema kwamba chuo kimefanya haki, na kwamba kama wangalisamehewa kwa sababu ya mpira, basi heshima ya West Point ingalikuwa imeuzwa. Wengine walisema kwamba adhabu ni nzito mno kwa vijana wa miaka 20, na kwamba adhabu moja haiwezi kumfaa yule aliyenakili na yule aliyenyamaza tu. Wengine, hata katika baraza la kutunga sheria, walisema mpira wenyewe ndio uliowaharibu, kwa kuwa vyuo vimewafanya vijana kuwa washindi kabla hawajawa wanafunzi.

Na Blaik je? Huyu alipigwa mara mbili, maana kati ya wale waliofukuzwa alikuwamo mwanawe mwenyewe, aliyekuwa mchezaji mkuu wa kuiongoza timu uwanjani. Baba hakusema kwamba vijana hawana kosa. Alisema wamekosa, lakini si vijana wabaya, na kwamba wakubwa waliowawekea mtego ule wa jaribio moja kwa siku mbili walikuwa na sehemu yao ya lawama. Lililomchoma zaidi lilikuwa hili: aliamini kwamba walioulizwa wakasema kweli walifukuzwa, na kwamba wako wengine waliokana wakabaki. Jambo hilo, msomaji, ni zito kulifikiri. Sharti lililowekwa kwa ajili ya kweli liliwapata wasema kweli kwanza.

Blaik alitaka kuondoka. Katika siku hizo Jemadari Douglas MacArthur alikuwa akikaa New York, baada ya Rais Truman kumwondoa katika uongozi wa vita vya Korea mwezi wa Aprili. MacArthur alikuwa mkuu wa West Point zamani Blaik alipokuwa kadeti, na urafiki wao haukukatika. Blaik alimwendea kumwomba shauri. Shauri la yule mzee lilikuwa fupi: usiondoke wakati wa kupigwa. Basi Blaik akabaki. Akawaita watu wa magazeti akawaeleza moyo wake, kisha akarudi kiwanjani kutazama waliobaki.

Na waliobaki walikuwa nani? Walikuwa vijana wa akiba na vijana wa timu ndogo, ambao mwaka uliotangulia kazi yao ilikuwa kusimama mbele ya wachezaji wakubwa na kuangushwa, ili wakubwa wapate mazoezi. Hao hawakuwa na kosa. Hawakupitisha swali lolote. Lakini deni lilipokuja kudaiwa, wao ndio waliokuwapo nyumbani. Ratiba ya michezo ilikuwa imekwisha kupangwa na vyuo vyenye nguvu vilikuwa vikingoja. Hapana aliyesema, hawa ni watoto, tuwahurumie.

Mchezo wa kwanza, mwisho wa Septemba, walipambana na Villanova katika kiwanja chao wenyewe, wakashindwa 21 kwa 7. Juma la pili walisafiri kwenda Northwestern, wakashindwa 20 kwa 14. Juma la tatu walikuja Dartmouth, chuo alichofundisha Blaik kabla ya kuja West Point, wakashindwa 28 kwa 14. Juma la nne walikwenda Harvard, na huko mambo yalikuwa karibu kuwa mema, lakini walishindwa 22 kwa 21. Hapa ndipo tunapoikumbuka ile alama moja, yaani thamani ya teke moja tu kati ya miti miwili.

Fikirini, wasomaji, mioyo ya vijana wale. Walikuwa wamevaa nguo za timu ambayo kwa miaka mingi watu waliiogopa, nazo ziliwapwaya. Kila walikokwenda watu waliwatazama kwa jicho la kuuliza: je, huyu naye alikuwamo? Wameshindwa michezo minne mfululizo. Wengi wetu tungalitafuta ugonjwa wa kujisingizia. Lakini juma lililofuata, mwishoni mwa Oktoba, walitoka tena kupambana na Columbia, wakashinda 14 kwa 9. Ulikuwa ushindi mdogo wa mchezo mmoja, lakini ulikuwa wao kweli kweli, wala hapana mtu aliyeweza kuwaambia kwamba waliukopa.

Baada ya hapo walikwenda katika kiwanja kikubwa cha Yankee mjini New York, wakashindwa na chuo cha Kusini mwa California kwa alama 28 kwa 6. Kisha wakawashinda The Citadel, ambacho nacho ni chuo cha kijeshi, 27 kwa 6. Juma la pili wakashindwa na chuo cha Pennsylvania 7 kwa 6; alama moja tena! Mwisho, tarehe 1 Desemba 1951, wakaingia mjini Philadelphia kupambana na Annapolis. Wanamaji nao hawakuwa na mwaka mwema, lakini siku ile waliwapiga West Point 42 kwa 7. Hivyo mwaka ukaisha. Ukijumlisha utaona kwamba walipata alama 116, nao wakafungwa alama 183.

Methali yetu yasema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Twaona yafaa kuipima methali hii kwa habari za vijana hao. Wako wanaokubali kushindwa kwa kulala chini. Hao hawakukubali kushindwa kwa namna hiyo, maana kila juma walirudi. Na wako wasiokubali kushindwa hata kidogo, nao ndio wale wanaotafuta maswali kabla ya mtihani. Kukubali kushindwa kuliko kwema ni kule kwa mtu aliyejaribu kwa nguvu zake zote, akajua kipimo chake, akaenda nyumbani kujifunza.

Na ndivyo walivyofanya. Mwaka 1952 walishinda michezo 4, wakashindwa 4, na mmoja ukaisha sare. Kati ya wasaidizi wa Blaik siku hizo alikuwamo mtu mmoja aitwaye Vince Lombardi, aliyekuja West Point mwaka 1949. Lombardi aliushiriki mwaka ule wa kushindwa, akafanya kazi na vijana wasiojua kitu hata wakajua. Baadaye aliiongoza timu ya Green Bay kushinda nchi nzima mara nyingi, na hata leo kikombe kikuu cha mpira wa Marekani kinaitwa kwa jina lake. Watu humkumbuka kwa ushindi. Sisi twafikiri kwamba shule yake moja ilikuwa mwaka 1951.

Mwaka 1953, mwezi wa Oktoba, West Point walipambana na Duke mjini New York. West Point walikuwa wakiongoza 14 kwa 13, na dakika zilikuwa zimebaki chache, mchezaji mmoja wa Duke alipochomoka na mpira akakimbia zaidi ya yadi 70, wala mbele yake hapakuwa na mtu. Bob Mischak wa West Point alikuwa nyuma yake kwa mbali. Mtu mwenye akili za kawaida angalisema, amekwisha kwenda huyo. Mischak alimfuata, akamkamata zikiwa zimebaki yadi 7 tu. Kisha wenzake wakasimama mstarini, wakazuia majaribio yote manne, na Duke hawakupita. Mwisho wa mwaka ule waliwashinda Annapolis 20 kwa 7, wakiwa wameshinda michezo 7, kushindwa 1 na kutoka sare 1. Miongoni mwao walikuwamo walioanza katika siku zile za aibu. Ile alama moja iliyowatoa machozi kwa Harvard na kwa Pennsylvania sasa ilikuwa upande wao.

Lakini tusiwadanganye wasomaji kwamba mambo yote yaliisha vema kama katika hadithi za watoto. Wale 90 walitawanyika. Wengine walipata nafasi katika vyuo vingine, wakawa watu wa maana. Hata mmoja wao, Ray Malavasi, aliiongoza timu ya Los Angeles kufika katika mchezo wa mwisho wa ubingwa wa Marekani mwezi wa Januari 1980. Hata hivyo wengi wao waliubeba mwaka ule kimya kimya maisha yao yote. Na chuo chenyewe hakikupona moja kwa moja. Mwaka 1976 kosa la mtihani lilitokea tena West Point, na kadeti zaidi ya 100 wakaondoka, ingawa wengi wao waliruhusiwa kurudi baada ya mwaka mmoja. Mwaka 1973 timu yao ilipata kushindwa michezo yote 10, na Annapolis wakawafunga 51 kwa 0. Kwa hesabu ya alama, mwaka huo ulikuwa mbaya kuliko 1951. Lakini kushindwa kwa 1973 kulikuwa kwa udhaifu wa timu tu. Kushindwa kwa 1951 kulikuwa malipo, na waliolipa si waliokopa.

Hilo ndilo tulilotaka kusema. Udanganyifu ni deni. Aukopaye ushindi leo hudhani amepata bure, kumbe mdai yuko njiani, na mara nyingi akifika humkuta mwingine: mdogo wake, mwanafunzi anayefuata, mgonjwa anayetibiwa na tabibu asiyejua, abiria wa gari lililotengenezwa na fundi asiyejua. Kijiji chote kikiwa na vyeti visivyo vya kweli, mtu mwenye cheti cha kweli naye hatasadikiwa. Vijana wa 1951 walitazamwa kwa shaka ingawa walikuwa safi.

Wala tusiwalaumu watoto peke yao. Habari za West Point zimetuonyesha sisi walimu kosa letu pia. Kumwamini mtu ni jambo jema, lakini kumwekea mtu aliyechoka kishawishi mbele yake kila juma, kisha kusema kwamba twamwamini, huo si uaminifu, ni uvivu uliovikwa nguo nzuri.

Sasa turudi kwa yule kijana aliyesimama mlangoni petu. Asubuhi ile tuliuadhibu mkondo wote wa mchana, tukawapa jaribio jingine, na alama zao zikaanguka. Mzazi mmoja alikuja akasema, "Mwalimu, mwanangu ameaibishwa kwa kosa la maswali yako." Siku ile tulikasirika. Wenzake nao walimtambua aliyesema, wakakataa kucheza naye muda wa miezi miwili. Mpira ulipopangwa hakuitwa katika upande wowote. Alikaa peke yake kando ya kiwanja akitazama. Sisi tulimwona, wala hatukufanya neno. Tulimwacha alipe deni la kweli peke yake, sisi tuliokuwa na sehemu ya kosa.

Tulipojifunza habari za West Point tulimtafuta. Sasa ni mtu mzima, mwenye nyumba yake na duka dogo. Tulimwambia yale tuliyopaswa kumwambia zamani, kwamba siku ile yeye alikuwa mwalimu na sisi tulikuwa wanafunzi. Alicheka, akasema alikwisha kusahau, akatupimia sukari. Nasi tulipofika nyumbani tukaipima tena, kwa uzoefu mbaya wa dunia. Nayo ilikuwa kamili.

Tangu hapo, kila mkondo una karatasi yake.